Kabla ya kijana kutoka Kampene kwenda Kindu

Wazazi wetu hawakwenda mbali kutafuta kazi: SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976, ilichimba kasiterite katika Maniema. Kampuni hiyo haiko tena, na vijana wetu wanashuka Kindu na diploma mfukoni.

Ndugu wapendwa, tuwaambie ukweli. Kindu kazi za ofisi ni chache. Wengi wanaanza kwa kubeba mizigo kwenye bandari ya Lualaba, kuuza sokoni, ama kuendesha pikipiki ya mtu. Hiyo si aibu. Jiandikishe pia ONEM, ofisi ya serikali ya ajira. Lakini mtu akiomba pesa ili akuingize kazini, mkatalie. Mmoja wetu aliuza mbuzi wawili wa mama yake kwa ahadi ya namna hiyo. Mpaka leo anangoja kuitwa.