Utomi na Fomu ya Naira Milioni 100

Wasikilizaji wetu, Pat Utomi alizaliwa Kaduna, Nigeria, mwaka 1956. Alisomea mawasiliano ya umma Nsukka (jirani kabisa na kazi yetu hii), kisha akapata shahada ya udaktari Marekani. Akiwa na miaka 27 alikuwa msaidizi wa Rais Shehu Shagari. Tarehe 31 Desemba 1983 wanajeshi wakaipindua serikali hiyo. Akaenda Volkswagen ya Nigeria, baadaye akafundisha Lagos Business School, akaanzisha na kituo cha kuwaandaa vijana kwa uongozi wenye maadili. Mwaka 2007 aligombea urais, akashindwa.

Mwaka 2018 sheria ilishusha umri wa kugombea urais kutoka miaka 40 hadi 35. Vyema. Lakini mwaka 2022 chama tawala, APC, kiliuza fomu za urais kwa naira milioni 100. Kijana gani anazo?