Stima ya Ethiopia inapita Isiolo, mbona hatuioni?

1/ Wadau wa Bulla Pesa, msimu wa siasa ukifika hili hurudi: "Waya wa Ethiopia unapita kaunti yetu, nichagueni niwaunganishe." Tulipime pole pole.

2/ Tangu Novemba 2022 Kenya inanunua stima kutoka Ethiopia, umeme wa maji, ikianza na megawati 200. Mkataba ni wa miaka 25, bei senti 6.5 za dola kwa uniti.

3/ Kununua kwa jirani si aibu wala si jambo geni. Uganda ilianza kutuuzia stima miaka ya 1950, kutoka bwawa la Owen Falls.

4/ Sasa ule waya. Unatoka Wolayta Sodo hadi Suswa, zaidi ya kilomita 1,000, volti 500,000. Unabeba mkondo wa moja kwa moja, si huu wa majumbani. Transfoma ya kawaida haiwezi kuuchota. Lazima kituo cha kugeuza mkondo, na ni ghali mno. Viko viwili tu, kimoja kila mwisho. Ni kama basi la Moyale–Nairobi lisilosimama njiani.

5/ Kwa hivyo stima hiyo inaingia gridi ya taifa kule Suswa, halafu inaturudia ikiwa imechanganyika na nyingine.

6/ Akija na ahadi ya waya, muulize: kituo utajenga kwa pesa gani? Kama huna, utavuta lini nguzo za gridi mpaka manyatta zisizo na stima? Hapo ndipo kazi iko.