Wanubi wa Kibra na Safari ya Kuwatafuta Mababu

Mgeni akishuka Makina, Kibra, na kuanza kuulizia njia, hachelewi kutajiwa Kambi Muru au Kambi Lendu. Wakazi wengi huyataja majina hayo kila siku bila kuyawazia. Lakini Wamoru wako Sudan Kusini, na Walendu wako Ituri, mashariki mwa Kongo. Mtaa huu wa kusini-magharibi mwa Nairobi umebeba ramani ya nchi za mbali.

Walioileta ramani hiyo ni askari ambao wazao wao ndio Wanubi wa leo. Walitumikia jeshi la Emin Pasha, gavana wa Equatoria, na vita vya Mahdi huko Sudan vilipowakatia njia ya kurudi kaskazini, walibaki wametelekezwa karibu na Ziwa Albert. Mwaka 1891 afisa Mwingereza Frederick Lugard aliwakuta huko, akawaandikisha kazi na kuwaleta Uganda pamoja na wake na watoto wao. Baadaye waliingia katika kikosi cha King's African Rifles, maarufu kama KAR. Kuanzia 1904 waliostaafu waliruhusiwa kukaa katika msitu uliokuwa pembeni mwa Nairobi, na mwaka 1918 eneo hilo, zaidi ya ekari 4,000, likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Mstaafu alipewa pasi ya shamba tu. Hati ya kumiliki hakupewa.

Ndiyo maana Mnubi anayetafuta asili yake hafiki kwenye kijiji kimoja. Babu wa babu huenda alikuwa Mmoru, mkewe Mlendu au Mkakwa, na mama mkwe akatoka kabila jingine lililokutwa njiani. Kilichowaunganisha ni jeshi, Uislamu na Kinubi, lugha iliyochipuka kutoka Kiarabu cha kambini. Kinadada walishona na kusuka kwa namna yao: tabaga, kile kifuniko cha ukili wa rangi kinachofunika sinia la chakula, na gurbaba, vazi linalovaliwa harusini. Mtu anaweza asijue jina la kijiji cha babu yake, na bado akawa Mnubi kamili.

Serikali haikuliona jambo hilo hivyo. Wakoloni waliwaona Wanubi kuwa wageni wasio na eneo lao la asili nchini, na baada ya Uhuru fikra hiyo haikufutika. Kijana wa Kinubi akitimiza miaka 18, wenzake wa makabila mengine walichukua kitambulisho kwa urahisi, naye akapelekwa mbele ya kamati ya uhakiki, akatakiwa kuleta vyeti vya wazazi na hata vya mababu. Ilikuwa dhuluma iliyo wazi: alidaiwa karatasi ambazo serikali yenyewe haikumpa babu yake. Mwezi Machi 2011, Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa na uraia.

Swali la nani athibitishe nasaba ya nani linasumbua kwingine pia. Jimbo la Vermont, Marekani, lilitambua makundi manne ya Waabenaki, watu wa asili wa eneo hilo, mwaka 2011 na 2012, lakini Waabenaki wa Odanak, Kanada, wanayapinga wakitaka kuona ushahidi wa ukoo. Huko ndugu wanabishana na ndugu. Kibra hakuna aliyebisha kwamba Wanubi ni Wanubi. Kilichobishaniwa ni kama wao ni Wakenya.

Sensa ya 2009 iliwahesabu kwa jina lao, na wakapatikana zaidi ya 15,000. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya ardhi ya jamii, ekari 288. Ukizilinganisha na zile za 1918, ni kipande kidogo mno.

Anayetaka kuwatafuta wazee wake kwa maandishi anaweza kwenda katikati ya jiji, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, kwenye jengo la zamani la benki. Humo mna mafaili ya utawala wa kikoloni, yakiwemo yanayohusu Kibra na hao "Wasudani", kama Wanubi walivyoitwa humo. Orofa ya chini ina mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, ambaye baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Asili mchanganyiko haikumzuia yeye kushika cheo hicho.

Lakini faili la mkoloni linaandika zaidi juu ya ardhi kuliko watu. Majina yako kwa nyanya na kwenye picha za familia. Mpigapicha Greg Constantine alilijua hilo: kitabu chake cha 2011 kuhusu Wanubi wa Kenya kimeweka picha zake kando ya zile zilizotunzwa na familia tangu enzi za KAR. Picha za namna hiyo bado zimo katika masanduku mengi Makina. Wanaoweza kumtaja kila aliyesimama ndani yake, na ukoo wake, wanazidi kupungua, hivyo kazi ya kuandika majina hayo nyuma ya kila picha ni ya kuanza wiki hii.