Habari za Madini Yaliyomo Katika Moshi

Mkulima wa Kitaji ajua ya kuwa kila kiozacho hulinufaisha shamba. Samadi ya ng'ombe, majani makavu na maganda ya viazi, vyote vikitupwa katika shamba la mihogo au mtama huoza na kugeuka mbolea. Lakini madini hayaozi. Risasi iingiayo udongoni leo itakuwa risasi vile vile hata baada ya miaka 100, na zebaki hali kadhalika.

Watu wengi hudhani ya kuwa moshi ukiisha kupaa na kutoweka machoni, habari yake imekwisha. Kumbe sivyo. Moshi wa tanuru liyeyushalo madini huchukua vumbi la madini yenyewe, laini kiasi cha kutoonekana. Upepo hulipeleka huko na huko, kisha hutua juu ya mapaa, majani na ardhi. Na mvua inyeshapo huteremsha lililosalia hewani.

Katika Wilaya ya Butiama, huko Buhemba na Kiabakari, dhahabu ilichimbwa tangu siku za ukoloni, na hata leo wachimbaji wadogo wamo kazini katika Mkoa wa Mara. Mawe husagwa yakawa unga. Unga huo huoshwa, kisha huchanganywa na zebaki. Zebaki ni madini ya ajabu: hutiririka kama maji, lakini kwa uzito huyapita maji zaidi ya mara 13. Huishika dhahabu na kuuacha mchanga. Donge lipatikanalo huchomwa motoni; zebaki hugeuka mvuke ikaenda zake, dhahabu ikabaki.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mchomaji huuvuta bila kujua, na mtoto aliye karibu naye pia. Upaao hupoa baadaye ukarudi ardhini, mwingine karibu, mwingine mbali. Maji ya mvua huweza kuikokota zebaki hiyo mpaka mitoni na ziwani. Humo topeni vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ikaingia katika samaki wadogo; wakubwa huwala wadogo, na sumu huzidi kila hatua, mpaka ifike katika chakula cha mtu.

Kwamba madini ya moshini yaweza kuuharibu mtaa mzima, jambo hilo lilionekana wazi huko Mombasa, nchini Kenya. Mwaka 2007 kiwanda kilianza kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, kando ya mtaa wa Owino Uhuru wenye watu wapata 3,000. Vumbi la risasi lilitua juu ya mabati, na kwa mabati hayo hayo watu walikinga maji ya mvua. Watoto walicheza mchangani, kisha wakatia vidole vinywani. Nayo risasi humdhuru mtoto kuliko mtu mzima: humpunguzia damu, huuharibu ubongo, akachelewa kujifunza, wala hana jeraha lo lote la kuonyesha.

Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mwanawe mchanga aliugua, na damu yake ilipopimwa ikaonekana ina risasi. Mama huyo aliacha kazi, akawakusanya majirani kudai haki yao. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Moto ulizimika, lakini risasi haikuondoka. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na udongo usafishwe. Rufani ikakatwa, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikathibitisha malipo hayo. Hata hivyo, fedha haziwezi kumrudishia mtoto akili iliyoharibiwa na risasi.

Basi kinga yafaa ianze kabla moshi haujapaa. Mtu afunuapo chungu cha uji huona matone chini ya kifuniko. Ni mvuke uliopoa ukawa maji tena. Zebaki nayo ni vivyo hivyo. Ikichomwa katika chombo cha chuma chenye kifuniko kinachobana na bomba lipozwalo kwa maji, hurudi kuwa majimaji, na mchimbaji huweza kuitumia tena. Hivyo aokoa mali yake na mapafu yake pamoja.

Tena zebaki isichomwe kamwe nyumbani, wala katika chombo cha kupikia. Watoto na mama wajawazito wakae mbali. Betri kuukuu zisivunjwe wala kutiwa motoni. Mboga na viazi visilimwe mahali pa kuchomea, na mikono inawiwe kabla ya kula.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kufunika chombo kimoja ni kazi ya siku moja. Kuusafisha udongo ulioingiwa na madini ni kazi ya miaka mingi.