Baiolojia Iliyo Sokoni Mamboleo

Mwanafunzi wa ualimu wa baiolojia hufundishwa usanidinuru wa C4 kwa mfano wa mahindi na miwa, na hapa Kisumu, palipo na mashamba ya miwa hadi Muhoroni, hakuna wa kulalamika. Ila mboga za kienyeji zinazouzwa katika masoko kama la Mamboleo zina somo pana zaidi. Dek, yaani mgagani, hunasa hewa ya kaboni katika seli za nyama ya jani (mesofili), huigeuza asidi yenye kaboni nne, kisha huisukuma hadi kwenye seli zinazozunguka mishipa, na kwa njia hiyo hustahimili joto bila hasara kubwa. Ododo, yaani mchicha, nao ni wa C4. Osuga, yaani mnavu, na majani ya kunde hufuata njia ya kawaida ya C3. Kata jani la dek na la osuga, yaweke chini ya hadubini, na ile pete ya seli kubwa kuzunguka mshipa wa dek itajieleza yenyewe. Watafiti wa Cambridge wamekuwa wakiuchunguza mmea huu, wakitafuta namna ya kuupa mpunga uwezo huo.

Kwa hiyo mwalimu asiyeijua dek amepungukiwa kisayansi, wala si suala la kuuenzi utamaduni. Tena mmea huu ungalipo kwa wingi kwa sababu kuna wanaoutaka. Ni mchungu, wapishi wa Kiluo huuchemsha, humwaga maji, hutia maziwa na kuupasha tena na tena mpaka uchungu ulegee. Mezani wakiuacha, hakuna atakayeweka mbegu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kwenda kile cha Jomo Kenyatta, alizitafiti mboga hizi wakati wengi walizihesabu magugu. Na John Kokwaro, mtaalamu wa mimea, alishirikiana na Timothy Johns kutoa kamusi ya viumbe ya Kiluo mwaka 1998. Kitabu cha namna hiyo kingefaa kuwa mezani pa kila mwalimu mwanafunzi wa ukanda huu.

Kuna watakaosema kwamba mapokeo yamejaa makosa. Ni kweli, na ndiyo sababu yaingie maabara yapimwe, si kuachiwa siku ya ngoma na vyakula vya asili. Wavuvi wa Ziwa Victoria huwaita fulu samaki wadogo ambao wanabaiolojia wamewagawa katika spishi zaidi ya 500, nyingi zikiwa zimechipuka ndani ya miaka 15,000 hivi. Hapo sayansi imeona zaidi. Lakini mbuta, yaani sangara, alipopandikizwa ziwani miaka ya 1950, na fulu kuporomoka miaka ya 1980, hesabu ya spishi peke yake haikutosha kueleza madhara. Fulu walianikwa juani. Mbuta, kwa wingi wa mafuta yake, alihitaji kubanikwa kwa kuni, na miti ya nchi kavu ikalipia badiliko la majini. Ngege wa asili naye alitoweka karibu kabisa katika ziwa kuu, akasalia katika viziwa kama Kanyaboli, Siaya, nyuma ya mafunjo ya Yala. Mwanafunzi asiyejua samaki walivyohifadhiwa hataiona njia inayotoka kwa mbuta hadi msituni.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mwalimu aliyefunzwa Maseno anaweza kupelekwa Turkana au Kwale, na fulu wake wasimfae kitu. Lingeshinda kama angefundishwa orodha ya majina. Akifundishwa namna ya kuuliza (wenyeji wanakula nini, wanakitofautishaje, wanakihifadhi vipi, na maabara inasemaje) ataenda nayo popote. Dek yenyewe ataikuta Kisii ikiitwa chinsaga na kwa Wakalenjin saget. Kuhusu mtihani, anayeeleza C4 kwa jani alilolikata mwenyewe hatashindwa swali la mahindi. Mtaala wa umilisi tayari unadai wanafunzi wachunguze mazingira yao. Anayeachwa nyuma ni mwalimu wao. Vyuo vya ualimu vianzie mazoezi ya kufundisha: mwalimu mwanafunzi asipite mpaka afundishe angalau somo moja kutokana na kiumbe ambacho jamii ya shule ile inakijua kwa jina na kwa matumizi.