Kabureta Mbili, Injini Moja

Kabureta hulaumiwa kwa makosa ya wengine. Gari likitetemeka, likitoa moshi au likikohoa mlimani, fundi mwenye haraka hufungua boneti, akachukua bisibisi na kwenda moja kwa moja kwenye skrubu za kabureta. Mimi ni fundi wa magari hapa Singida mjini tangu ujana wangu, na vijana wote waliopita kwenye gereji yangu nimewafundisha kinyume chake: kabureta iwe ya mwisho kuguswa. Gari likiwa na kabureta mbili, kanuni hiyo haina mjadala.

Mji wetu uko njia panda. Barabara ya kutoka Dodoma kwenda Nzega na Mwanza inakutana hapa na ile ya Babati na Arusha, kwa hiyo gereji za Singida huona magari ya kila namna. Ndivyo lilivyonifikia gari ambalo vijana wangu hawakuwahi kuliona kwa macho: Datsun 240Z, ya mzee mmoja aliyekuwa akitoka Dar es Salaam kwenda Mwanza.

Wazee wa Afrika Mashariki wanalifahamu jina hilo. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliyashinda kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo akiwa na Lofty Drews. Ni gari la milango miwili lenye boneti ndefu, na chini ya boneti hiyo mna injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Magari yaliyouzwa kwa watu wa kawaida yalikuwa na kabureta mbili: ya mbele inalisha silinda ya kwanza hadi ya tatu, na ya nyuma inalisha ya nne hadi ya sita.

“Shikamoo mzee,” nilimsalimia. Aliitikia, kisha akasema, “Fundi, Dar lilikuwa linanguruma vizuri. Tangu nipite Dodoma halina sailensa, linatetemeka, na mafuta linakunywa. Kuna kijana njiani alizungusha kabureta, likazidi.”

Kwa sailensa alimaanisha mzunguko tulivu wa injini pedeli isipokanyagwa. Maelezo yake yalikuwa na mambo mawili ndani yake, na ilinibidi niyatenganishe.

La kwanza ni hewa. Singida iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Kabureta iliyopimwa pwani huendelea kumwaga petroli kwa kipimo cha pwani, ilhali hewa ya kuichoma imepungua. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinashika masizi, na bomba linatoa moshi mweusi. Huo si ugonjwa wa gari, ni jiografia.

La pili lilikuwa ugonjwa kweli. Nilizitoa plagi zote sita, nikazipanga juu ya kitambaa kwa namba zake. Zote zilikuwa na weusi kidogo, lakini ya nne, ya tano na ya sita zilikuwa nyeusi tii. Plagi husema ukweli kwa anayejua kuzisoma: rangi ya kahawia ni afya, nyeupe ni njaa ya petroli, nyeusi yenye masizi makavu ni petroli iliyozidi. Hapa zilikuwa zinaninyooshea kidole kabureta ya nyuma. Hata hivyo sikuigusa bado.

Nilianza na mengine. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi, nikalisafisha. Pointi za distribyuta zilikuwa zimeungua. Nikazibadilisha na kuacha uwazi wa nusu milimita. Tukapima valvu, injini ikiwa baridi: za kuingiza milimita 0.20, za kutoa 0.25. Tukaangalia taimingi. Halafu injini ikiwa inazunguka, kijana wangu akanyunyiza maji kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi. Mlio ukibadilika maji yakigusa mahali fulani, hapo gasketi inavuta hewa ya wizi, na hakuna skrubu itakayokuponya. Mlio haukubadilika. Sasa ndipo tulipokuwa na haki ya kuzifungua kabureta.

Kabureta za 240Z zilitengenezwa na Hitachi ya Japani kwa mtindo wa Kiingereza uitwao SU. Mtindo huo ulibuniwa na George Herbert Skinner mwaka 1904. Familia yake ilikuwa ya wafanyabiashara wa viatu, na kabureta zake za mwanzo zilitumia mfuko wa ngozi unaovuta pumzi. Pistoni ilikuja baadaye. Uzuri wake ni huu: pistoni hupanda yenyewe kadiri injini inavyovuta hewa, na chini yake inaning'inia sindano nyembamba iliyozama kwenye jeti ya petroli. Pistoni ikipanda, sindano inapanda nayo, na kwa kuwa sindano imechongoka, nafasi ya petroli inaongezeka. Hewa na mafuta vinakwenda pamoja bila kuamriwa.

Utaratibu huo unavurugika pistoni inapokwama. Niliinyanyua ya mbele kwa kidole, nikaiachia: ikashuka na kugonga chini, “tk.” Ya nyuma ilishuka nusu, ikasimama. Vumbi laini la kiangazi lilikuwa limeingia na kushikamana na oili nzee. Inayokwama ikishuka hukwama pia ikipanda. Pistoni ikishindwa kupanda, njia ya hewa inabaki finyu, mvuto juu ya jeti unakuwa mkali, na petroli inazidi. Ndiyo maana silinda tatu za nyuma zilikuwa nyeusi.

Tulisafisha kwa petroli na kitambaa laini, bila msasa. Kila pistoni ilirudi kwenye kikombe chake, kwa maana vimelingana tangu kiwandani na havibadilishwi. Tukaweka oili nyepesi kwenye vishina vya juu. Oili hiyo ndiyo inayozuia pistoni isiruke ghafla unapokanyaga mafuta, na ikikauka gari hukohoa kabla ya kuondoka. Tukahakikisha pia kuwa petroli kwenye vyumba vya floti iko kwenye kina kimoja pande zote mbili.

Baada ya usafi ndipo kunakuja kusawazisha. Kabureta mbili kwenye injini moja ni maksai wawili kwenye nira moja. Mmoja akitangulia na mwingine akasita, jembe linakwenda upande, na anayevuta zaidi ndiye anayeumia.

Kwanza nilipandisha nati za jeti zote mbili hadi mwisho, kisha nikazishusha mizunguko miwili na nusu, sawa kwa sawa. Hapo nilifuta kazi ya yule kijana wa njiani na kupata mahali pa kuanzia. Pili, nililegeza ufito unaounganisha kabureta, ili kila moja isimame peke yake. Injini ilipopata moto wa kutosha, nikachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Husikika mvumo wa hewa. Nikahamia ya nyuma, kwa kina kile kile na pembe ile ile. Ya nyuma ilivuma juu zaidi. Nikapunguza skrubu yake, nikaongeza ya mbele, nikarudia hadi mivumo ikafanana na injini ikatulia kati ya mizunguko 700 na 800 kwa dakika. Kuna vipimo vya kisasa vya kazi hii, lakini mpira na sikio tulivu vinatosha.

Hewa ikishalingana, ndipo petroli. Nilinyanyua pistoni ya mbele kwa kama milimita moja tu na kusikiliza. Injini ikiongeza kasi na kubaki hapo, petroli imezidi. Ikizimika au kudorora, petroli ni pungufu. Ikipanda kidogo sana kisha ikarudi, umepata. Kwa hewa ya Singida nilipandisha nati zote mbili kidogo kuliko pale nilipoanzia. Mwisho tulikaza ufito, tukasikiliza tena injini ikiwa imeongezwa kasi, kwa kuwa kabureta zinaweza kulingana kwenye sailensa na zikaachana mara tu pedeli inapokanyagwa.

Usalama nao una nafasi yake. Kazi hii inafanyika nje au milango ikiwa wazi, hakuna sigara, na mchanga au kizimamoto viwe karibu. Kwenye chumba kilichofungwa, sumu iliyo ndani ya moshi wa injini inaua bila harufu yake ya kukuonya.

Tulilijaribu gari kwenye barabara ya kuelekea Mwanza. Tetemeko liliisha. Tuliporudi nikatoa plagi tena, na zote sita zilianza kuonyesha rangi moja. Nilimwambia mzee: “Ukirudi pwani, hewa itakuwa nzito. Mwambie fundi wa huko ashushe nati kidogo, zote mbili kwa kipimo kimoja, asiguse kingine.” Nikamwandikia na karatasi, abaki nayo ndani ya gari.

Vijana wangu wanaishi kwa bodaboda, na nyingi zina kabureta moja. Wanadhani elimu ya kabureta mbili ni ya makumbusho. Nawaambia hapana. Pikipiki inayokunywa mafuta, jenereta inayozimikazimika, pampu ya maji ya mkulima wa vitunguu, zote zinadai mpangilio ule ule: moto wa plagi kwanza, hewa ya pili, petroli mwisho. Aliyejifunza kwenye kabureta mbili hatababaishwa na moja.

Nawaomba wenye magari ya zamani wasikubali haraka ushauri wa kung'oa kabureta za asili na kuweka injini ya gari jingine. Muulize fundi kwanza kama amesoma plagi, amepima valvu na ameangalia pointi. Kama hajafanya hivyo, bado hajajua gari lako linaumwa nini. Na nawaomba mafundi wenzangu: tuwafundishe vijana kusikiliza kabla ya kushika bisibisi. Spana zinanunuliwa dukani. Sikio la ufundi hupatikana kwa kukaa karibu na anayelijua, nasi tunaolijua tunazeeka.