Mshauri Wako Bado Ni Mwanafunzi

Ukija katika ofisi yetu ya ushauri nasaha, huenda atakayekusikiliza ni mtu wa umri wa dada yako. Ana shahada ya kwanza, anasoma uzamili wa saikolojia, na akitoka hapa jioni anapanga foleni ileile ya kantini unayopanga wewe. Wanafunzi wakilijua hilo hushtuka. "Kumbe naye yuko fildi?" aliniuliza mmoja wao, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa simu feki Kariakoo.

Ndiyo, yuko fildi, yaani kwenye mafunzo ya vitendo. Msimamizi wake ni mimi, katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Dar es Salaam, na nalijibu swali hilo bila kuzunguka kwa sababu aliyeliuliza ana haki ya kujua. Anachopaswa kujua pia ni kwamba nyuma ya huyo kijana kuna mtu mwingine anayesikiliza.

Kwanza niseme wanaogonga mlango wetu ni akina nani, maana wengi hudhani ni vichaa. Chuo kikifunguliwa wanakuja waliokosa mkopo, na wale ambao bumu limechelewa na wanabebana wawili wawili kitandani hosteli. Matokeo yakitoka wanakuja wenye sapu na wanaoogopa kudisko. Mapenzi, misiba, mimba na ugomvi wa wazazi havina msimu. Mara chache anakuja anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ambaye hajalala usiku kadhaa na anaongea bila kituo. Huyo hatumkabidhi kwa mwanafunzi. Namwandikia rufaa ya kwenda hospitalini kwa daktari wa magonjwa ya akili, na kama amekubali tunamsindikiza.

Mwanafunzi wa uzamili akiripoti, siku za mwanzo hapewi mteja. Anakaa nami chumbani, kama mteja ameridhia, na anatazama. Tunafanya maigizo: mimi nacheza mteja mkaidi, yeye mshauri. Halafu ninampa kesi nyepesi, kama vile mtu anayeshindwa kupanga muda wake au anayeogopa kusimama mbele ya darasa kuwasilisha kazi. Kabla ya kumpangia mtu yeyote, namwuliza mteja mambo ambayo hospitalini hayaulizwi: unakaa hosteli ipi, unasoma kozi gani, unasali wapi, unaimba kwaya? Hapa chuoni ni padogo. Haiwezekani umweleze mtu siri ya ndoa ya wazazi wako halafu Jumapili msimame sauti moja kwenye kwaya. Wakigongana mahali, nabadilisha mshauri. Hata wasipogongana, siku ya kwanza wanakubaliana: tukikutana nje, nitakusalimia endapo utaanza wewe.

Siku hiyohiyo ya kwanza mwanafunzi hutamka maneno ambayo nimemkaririsha. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Nasimamiwa na fulani. Nitayajadili naye tunayozungumza hapa ili nikusaidie vizuri zaidi. Ukitaka mshauri mwingine, sema, na hutaulizwa sababu. Wapo wanaonong'ona kwamba maneno hayo yanafukuza wateja. Kwa ninavyoona, wengi hubaki, na anayeondoka ameondoka akijua alichokataa.

Kisha kuna kinasa sauti. Hapa ndipo fildi inapoanza kuwa shule.

Ukimwuliza mwanafunzi kikao kilikwendaje, atakueleza alivyotaka kiende. Si kwamba anadanganya. Binadamu akikumbuka mazungumzo hujikumbuka mwenyewe akiwa na busara. Mwanasaikolojia Carl Rogers alilielewa hili mapema. Mwaka 1940 alihamia Chuo Kikuu cha Ohio State huko Marekani, na akaanza kuwafundisha wanafunzi wa uzamili ushauri kwa vitendo, vikao vikirekodiwa kwenye sahani za santuri ambazo kila upande ulibeba dakika chache tu kabla ya kubadilishwa. Kitabu chake cha 1942 kilichapisha vikao vyote vya mteja mmoja neno kwa neno, jambo ambalo lilikuwa jipya kabisa. Mwaka 1945 akaenda Chicago kuanzisha kituo cha ushauri cha chuo kikuu. Sisi tuna kidude kinachoingia mfuko wa shati. Hairuhusiwi kurekodi kwa simu ya mtu binafsi, mteja anatia saini fomu ya ridhaa, na tukishamaliza kusikiliza tunafuta. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo si suala la ustaarabu peke yake.

Nichukue kikao kimoja, nikibadilisha yale yanayoweza kumtambulisha mtu. Kijana wa uhandisi amerudia somo, nyumbani hawajui, na mdogo wake ameacha shule ili ada ielekezwe kwake. Anaongea taratibu, halafu anasema: "Nimechoka, dada. Nimechoka tu." Kinafuata kimya. Unasikia feni ya dari. Mwanafunzi wangu alistahimili sekunde nne hivi, kisha akaanza: usijali, wewe bado kijana, Mungu ana makusudi yake, angalia wenzako wangapi hawakupata hata hiyo nafasi ya chuo. Dakika nzima. Kijana akajibu, "Sawa, dada." Kuanzia hapo majibu yake yote ni ya neno moja.

Nilisimamisha sauti nikamwuliza alisikia nini.

"Kwamba amechoka."

"Amechoka na nini?"

Hakujibu. Tukarudisha nyuma tukasikiliza tena, na tena. Safari ya tatu akasema, akiangalia meza: "Sikumwuliza. Niliogopa angeniambia."

Jibu hilo lina thamani kuliko insha nzima ya nadharia. Sisi tumelelewa kumpoza mwenye huzuni. Mtu akilia tunampa pole, tunampa Mungu, tunampa mfano wa aliye hoi kuliko yeye, na msibani hiyo ni kazi njema. Kwenye chumba cha ushauri, pole inayowahi humfunga mtu mdomo. Nimeona mabinti na vijana wenye alama za juu kabisa darasani wakigeuka shangazi ndani ya dakika mbili. Hawaachi tabia hiyo kwa kukemewa. Wanaiacha kwa kujisikia wenyewe, kisha kupanga watasema nini wiki ijayo. Yule wangu aliandaa maneno machache: wiki iliyopita uliniambia umechoka, nieleze. Akayasema. Kijana akafunguka kwamba alikuwa amepanga kuacha chuo kimyakimya aende Geita kutafuta dhahabu, na nauli alishaiweka kando. Hapo ndipo walipopata cha kuzungumza.

Lakini "nimechoka" ina maana nyingine pia, na huko ndiko ninakokuwa mkali. Kwa Kiswahili watu hawasemi moja kwa moja kwamba wanataka kufa. Wanasema wanatamani kulala wasiamke, au ni bora wapumzike, au wamewachosha watu. Mwanafunzi mgeni huzungukazunguka: "Je, umewahi kuwa na mawazo mabaya?" Mawazo mabaya yapi? Nawafanyisha mazoezi ya kulitaja neno lenyewe kwa sauti ya kawaida: je, umefikiria kujiua? Wanajikwaa, wanacheka kwa aibu, wanarudia. Watu wengi wanaamini kwamba ukimwuliza mtu swali hilo unampandikizia wazo. Utafiti haujaonyesha hivyo. Mara nyingi anayeulizwa hupata nafuu kwamba hatimaye kuna mtu amelitaja.

Tunatumia pia dodoso linaloitwa PHQ-9, lenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na anayefika 10 anahitaji kuangaliwa kwa karibu kama ana sonona. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kanuni ya ofisi yetu ni moja: jibu la swali hilo likiwa lolote zaidi ya sifuri, mwanafunzi hamwachi mteja atoke kabla hajaniita, hata niwe kikaoni na mkuu gani. Wateja wengine husita kwa hofu ya polisi, na hofu hiyo haikutoka hewani: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imehesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kwa majirani zetu Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakiuka katiba yao. Nasi tungefanya vyema kulitazama.

Msimamizi naye ana mzigo wake kisheria na kimaadili, na kisa kinachofundishwa kila mahali kilitokea katika huduma ya afya ya wanafunzi, Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1969 Prosenjit Poddar, mwanafunzi wa uzamili kutoka India, alimweleza mwanasaikolojia wake, Lawrence Moore, kwamba angemuua msichana aliyemkataa. Moore aliwaandikia polisi wa chuo. Walimshika Poddar, wakaona ana akili timamu, wakamwachia. Mkuu wa kitengo aliagiza asichukuliwe hatua zaidi na kumbukumbu ziharibiwe. Msichana mwenyewe, Tatiana Tarasoff, hakuambiwa lolote, na Oktoba mwaka huo Poddar alimuua. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kumlinda anayetishiwa. Kila kundi jipya la fildi nalisimulia kisa hiki, na nasisitiza kipande kimoja: Moore, aliyekaa na mteja, alishtuka na akaandika barua, aliyezima ni bosi wake. Kwa hiyo nawaambia, mkiona nalala, niamsheni.

Makaratasi sitayaelezea. Kuna daftari la fildi, kuna saini, kuna tathmini.

Ninalotaka kulisema kwa kirefu ni kalenda. Fildi tunayopokea ni ya wiki nane mfululizo, mtindo uliobuniwa, nadhani, kwa mtu anayekwenda kujifunza benki au kiwandani. Piga hesabu. Wiki mbili za mwanzo ni kutazama. Zinabaki sita. Mwanafunzi akiona wateja watano kwa wiki, anapata vikao 30, kama hakuna sikukuu wala wiki ya majaribio ambapo hakuna mwanafunzi anayekuja. Marekani, taasisi ya CACREP inayothibitisha kozi za uzamili za ushauri inataka mazoezi ya awali ya saa 100, ambapo 40 ni za kukaa na wateja, kisha mafunzo kazini ya saa 600, ambapo 240 ni za wateja, na muda wote huo usimamizi wa wastani wa saa moja kila wiki. Kenya wana sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, na bodi inayosajili. Sidai tunakili tarakimu za watu. Nasema 30 ni chache kwa kipimo chochote.

Tena wanaoumia zaidi ni wateja. Tarehe ya fildi kwisha inapangwa na chuo, na maisha ya mtu hayaisomi. Kuna binti aliyechukua vikao vitatu mpaka akamwamini mshauri kiasi cha kutaja alichotendewa na mjomba wake alipokuwa darasa la tano. Katika kikao cha nne ikabidi mwanafunzi wangu amkumbushe kwamba vimebaki viwili. Binti alimwuliza: "Na wewe unaondoka?" Tulikuwa tumemwandaa tangu siku ya kwanza, tarehe alikuwa nayo, na mimi nilikuwa tayari kumpokea. Akaja kwangu mara moja tu, hakurudi.

Kuna dawa, tena haina gharama kubwa. Mwanafunzi wa uzamili aje siku mbili kwa wiki kwa mwaka mzima wa masomo, badala ya kila siku kwa miezi miwili. Atapita Novemba ya bumu na kipindi cha matokeo, atawaona watu walewale wakiporomoka na kuinuka, na nitapata nafasi ya kumsikiliza kabla hajazoea makosa yake. Saa ya usimamizi iandikwe kwenye ratiba ya msimamizi kama kipindi cha kufundisha, ihesabiwe kwenye mzigo wake wa kazi. Kwa sasa wengi tunaiiba kwenye chakula cha mchana, na chuo ambacho kinafurahia kupata washauri sita wa bure hakiulizi nani anawasikiliza hao sita. Usimamizi ukiwa wa hisani, siku msimamizi akichoka wateja wanabaki na wanafunzi peke yao. Wakuu wa idara wanaopanga kalenda wanaweza kulirekebisha hili kwa kikao kimoja cha bodi ya kitivo.

Nawe mwanafunzi unayesoma hapa huku ukisita kuja, uliza mambo matatu kabla hujaanza kueleza lako: wewe unasoma au umehitimu, nani anakusimamia, na unamaliza lini. Mshauri aliyefundishwa vizuri atayajibu yote bila kununa. Akinuna, omba mwingine. Huduma ni bure, na huhitaji barua ya mtu yeyote.